Nimebadilisha dashibodi ya Land Rover 109 pikapu, sasa geji ya mafuta na ya joto zinapanda pamoja

Mkulima wa Tengeru (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninayo Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1978, Series III, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Marehemu baba aliitumia kubebea kahawa, nami sasa ninaitumia kupeleka mboga sokoni Arusha mara mbili kwa wiki. Dashibodi yake ya plastiki ilikuwa imekwisha: jua la miaka mingi liliipasua juu, sponji ya ndani ikawa inamwagika kama pumba, na kila nilipopita kwenye matuta mishale ya geji ilitikisika kama mkia wa mbuzi. Geji zenyewe za asili zilikuwa nzima, isipokuwa spidomita, ambayo ilikuwa ya maili na ilikuwa imekufa kabla ya baba.

Badala ya kutafuta plastiki nyingine iliyochoka, nilimpelekea seremala bati la zamani la geji kama kielelezo, akanichongea paneli ya mninga yenye unene wa milimita 12 na kuipaka vanishi. Nimerudisha geji ya mafuta na ya joto, nimeweka spidomita ya kilomita niliyoipata skrepa kutoka kwenye Land Rover 88 (ile fupi), kisha nimeongeza geji mbili mpya za milimita 52, moja ya volti na nyingine ya presha ya oili. Balbu zote ndogo za nyuma nimezitoa na kuweka za LED, kwa sababu usiku nilikuwa nasoma geji kwa kuhisi tu.

Kwa macho, kazi imependeza. Lakini tangu niifunge, geji ya mafuta na geji ya joto zinapanda pamoja. Nikiwasha swichi, mshale wa mafuta unapita alama ya kujaa ilhali ninajua tanki lina nusu, na injini ikishapata moto kidogo mshale wa joto unaingia kwenye eneo la hatari wakati rejeta ni ya uvuguvugu na haitoi hata mvuke. Geji ya volti inasoma 12.3 tu hata injini ikiwa inanguruma taratibu, na haipandi mpaka nikanyage mafuta kwa nguvu. Fundi wa hapa jirani amenishauri ninunue floti mpya ya tanki (kile kifaa cha ndani kinachopima mafuta) na sensa mpya ya joto. Kabla sijatoa pesa, naomba maoni yenu.

Binti wa Gereji

Kaka, usinunue kitu chochote kwanza. Floti iko kwenye tanki chini ya kiti na sensa ya joto iko mbele kwenye silinda hedi, na vitu viwili visivyojuana haviharibiki siku moja kwa namna moja. Tafuta kile ambacho geji hizo mbili zinachangia.

Naomba ujibu mambo mawili: bati la zamani la geji umelitupa au bado unalo, na je, kuna kidude kidogo cha mraba cha bati kilichokuwa kimefungwa nyuma yake?

Kisiki cha Mvule

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ningekushauri uache kuhangaika na geji za Kiingereza. Chukua seti nzima ya geji ya Hilux ya zamani, ambayo ina kila kitu ndani ya kasha moja, ipasue nafasi kwenye huo ubao wako, uunganishe waya, kazi iishe. Jamaa zangu wawili wamefanya hivyo kwenye Land Rover zao na zinatembea.

Mkulima wa Tengeru

Dada Binti wa Gereji, bati ninalo. Kidude hicho kilikuwepo, nami nimekihamishia nyuma ya paneli mpya kwa skrubu ya mbao. Kina miguu miwili, mmoja umeandikwa B na mwingine I. Waya wa kijani unaingia B na waya wa kijani mpauko unatoka I. Kulikuwa pia na waya mweusi uliobanwa kwenye bati lenyewe, nikauacha ukining'inia kwa sababu sikuona mahali pa kuufunga kwenye ubao.

Fundi Umeme Mstaafu

Marahaba kwa wote watakaosalimu. Nimefanya umeme wa magari Moshi kwa muda mrefu, na jibu la swali hili mwenye uzi amekwisha kuliandika mwenyewe katika sentensi yake ya mwisho, bila kujua.

Kidude hicho ni stebilaiza. Wengi mnaijua stebilaiza ya friji. Hii ni ndugu yake mdogo. Gari lenye betri ya volti 12 halina volti 12 kila wakati: injini ikiwa imezimwa betri nzima husimama kwenye 12.6, na altaneta ikichaji hufika 14 na zaidi kidogo. Kama geji ingelishwa umeme huo moja kwa moja, mshale wa mafuta ungepanda kila unapokanyaga mafuta na kushuka kila unaposimama. Waingereza wakatatua jambo hilo kwa kuweka stebilaiza inayozipa geji zote mbili wastani wa volti 10. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba unaopata moto; ukanda ukipata moto hujipinda na kukata umeme, ukipoa hurudi na kuunganisha, na mchezo huo huendelea muda wote swichi ikiwa imewashwa. Ukipima mguu wa I kwa mita ya kawaida utaona namba zinaruka kutoka sifuri hadi 12 na kurudi, na hapo ndipo mafundi wengi hudhani kimekufa, kumbe kinafanya kazi yake.

Geji zenyewe zina akili ileile. Ndani ya kila moja kuna ukanda uliozungushiwa waya wa moto, na kujipinda kwa ukanda huo ndiko kunakosukuma mshale. Ndiyo maana mishale ya Land Rover hupanda polepole kama mzee anayepanda ngazi, tofauti na geji za kisasa zinazoruka.

Sasa, ule waya wa moto ndani ya stebilaiza unahitaji ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, ili upate moto. Ethi hiyo hupitia kwenye kasha la kidude, kasha hushikana na bati la geji, na bati hushikana na bodi kupitia waya mweusi. Wewe umelitoa bati na kuweka mninga. Mninga ni mti mzuri kwa kitanda na mlango, lakini haupitishi umeme. Stebilaiza isiyo na ethi haipati moto, isiyopata moto haikati, na isiyokata hupitisha volti zote za betri zikaingia kwenye geji. Joto linalopinda ule ukanda hukua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo volti 14 badala ya 10 si nyongeza ya theluthi moja na kidogo, ni karibu mara mbili. Hapo mshale utaachaje kupanda?

Fanya hivi. Ondoa waya wa betri upande wa hasi. Chukua waya mweusi mpya, ufunge mwisho mmoja kwenye kasha la stebilaiza kwa skrubu na washa ya bati baada ya kusugua kutu, na mwisho wa pili kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi. Kutoka hapohapo peleka matawi kwenye kila kasha la geji na kila kishikizo cha balbu kinachotegemea bati kwa ethi. Usitegemee skrubu za mbao kwa jambo lolote la umeme.

Kanuni ya kukumbuka kwa geji hizi: moja ikidanganya, kagua geji hiyo, waya wake na sensa yake, zote mbili zikidanganya kwa upande mmoja, anza na stebilaiza. Zikipanda pamoja, haina ethi au imegandia ndani. Zikilala pamoja, haitoi umeme au haiupati.

Mpita Njia

Mzee, shikamoo. Mimi ninayo Series IIA ya 1964 yenye geji katikati ya gari, nami nilikuwa na mpango wa kuongeza geji ya volti na taa za LED kama mleta uzi. Je, maelezo haya yananihusu?

Fundi Umeme Mstaafu

Marahaba. Yanaweza kukuhusu, ila kwa tahadhari moja kubwa. Land Rover za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na ethi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chesisi. Nyingi zimekwisha kugeuzwa, lakini usidhani. Fungua boneti uangalie waya mnene wa betri uliokwenda kwenye chesisi umetoka upande gani. Ikiwa bado ni chanya, LED hazitawaka, na kifaa chochote cha kielektroniki utakachounganisha kwa mazoea ya leo kinaweza kuungua mara moja.

Mkulima wa Tengeru

Mzee wangu, shikamoo na asante sana. Jana jioni nimefanya kama ulivyoelekeza, na nikiri kwamba nilipowasha swichi nilisimama nje ya gari kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mshale wa mafuta ulipanda taratibu ukasimama kwenye nusu, na baada ya kuendesha kilomita kumi hivi mshale wa joto umetulia katikati, mahali ulipokuwa siku zote.

Lakini limezuka jambo jipya. Geji ya volti, ambayo mwanzo ilisoma 12.3, sasa inasoma kama 10, tena inacheza juu na chini bila kupumzika. Je, nimeharibu kitu?

Binti wa Gereji

Hujaharibu, umefichua. Geji ya volti umeipa umeme kutoka waya gani?

Mkulima wa Tengeru

Kutoka waya wa kijani mpauko, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Binti wa Gereji

Ndiyo hapo. Kijani mpauko ni mto uliotoka kwenye stebilaiza, kwa hiyo geji yako ya volti inapima stebilaiza, haipimi betri. Mwanzo ilionekana kusema kweli kwa sababu stebilaiza ilikuwa imelala. Ihamishie kwenye kijani cha kawaida, ule unaoingia B. Geji mpya ya presha ya oili nayo, kama ni ya umeme, iweke kwenye kijani cha kawaida, maana imetengenezwa kwa volti 12 na haina haja ya stebilaiza. Weka fyuzi ndogo ya ampea 3 kwa ajili ya geji hizo mbili peke yake.

Kwa faida ya wengine wanaofungua dashibodi hizi, rangi za waya za magari ya Kiingereza ya wakati ule zina nidhamu ambayo ukishaijua unaweza kufanya kazi gizani. Kahawia ni umeme wa betri usiolala hata swichi ikizimwa. Nyeupe ni umeme wa swichi usio na fyuzi. Kijani ni umeme wa swichi uliopita kwenye fyuzi. Zambarau una fyuzi lakini haulali. Nyekundu wenye mstari mweupe ni taa za dashibodi. Mweusi ni ethi. Kijani chenye mstari mweusi kinakwenda kwenye floti ya tanki, kijani chenye mstari wa bluu kinakwenda kwenye sensa ya joto, nyeupe wenye mstari wa kahawia ni taa ya oili, na kahawia wenye mstari wa njano ni taa ya chaji. Tatizo ni kwamba gari lililopita mikononi mwa mafundi kumi lina waya za rangi kumi nyingine, kwa hiyo ukiona waya wa bluu wa spika unaingia kwenye geji ya mafuta, pima kwanza, usiamini.

Fundi Umeme Mstaafu

Binti amesema sawasawa. Nami nirudi kwenye lile la altaneta, ambalo sote tumelipita. Mwenye uzi alisema volti hazipandi mpaka akanyage mafuta. Ndugu, je, taa nyekundu ya chaji inawaka vizuri unapowasha swichi kabla ya kupiga stata?

Mkulima wa Tengeru

Inawaka kwa mbali sana, kama kimulimuli. Nayo niliiwekea LED kama nyingine.

Fundi Umeme Mstaafu

Basi irudishe ya zamani usiku wa leo.

Taa ya chaji kwenye gari hili si ya kukuonyesha tu. Altaneta ya Lucas iliyokuja na Series III haina sumaku ya kudumu ya kutosha kujiwasha yenyewe. Inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha, na umeme huo hupita ndani ya balbu hiyo, kutoka kwenye swichi, kupitia waya wa kahawia na njano, hadi kwenye koili inayozunguka. Balbu ya asili ni ya wati 2.2 na inapitisha umeme wa kutosha. LED inapitisha kidogo mno, kwa hiyo altaneta inabaki imesinzia mpaka uizungushe kwa kasi kubwa ijiamshe kwa masalio ya usumaku wake. Balbu hiyo ikiungua kabisa utaona jambo lilelile. Taa nyingine zote unaweza kuziacha za LED, lakini hii moja iache ya kienyeji.

Ukishairudisha, utaona geji yako mpya ya volti ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiwa inatembea. Ikizidi 15, zima, regyuleta imeharibika na itaichemsha betri. Nafurahi pia kwamba hukuweka geji ya ampea. Vijana wengi huipenda kwa sababu ya mshale wake unaokwenda pande mbili, lakini ili ifanye kazi lazima umeme wote wa chaji upite nyuma ya dashibodi, na waya mmoja uliochubuka hapo unaweza kuteketeza gari. Geji ya volti inanyonya tone tu.

Kisiki cha Mvule

Naona mnaendelea kufukua mambo ya stebilaiza na balbu za kuamsha altaneta, na bado hakuna aliyenijibu kuhusu seti ya Hilux. Kwa seti hiyo mngeepuka yote haya.

Binti wa Gereji

Kaka Kisiki, sijakupuuza. Hiyo seti nimewahi kuifunga mwenyewe kwenye Land Rover ya mteja, nami nilijuta.

Geji, sensa na mfumo wa umeme ni ndoa ya watu watatu. Floti ya Land Rover ina ukinzani wa karibu omu 240 tanki likiwa tupu, na kama omu 20 likijaa. Floti ya Toyota inafuata mwelekeo uleule lakini kwa kipimo kingine: karibu omu 110 tupu na omu 3 likijaa. Ukiunganisha geji ya Toyota na floti ya Land Rover, ikifika chini kidogo ya nusu tu mshale utalala kwenye tupu, na nusu ya chini ya tanki hutaiona kamwe. Ukipenda Hilux, chukua na floti ya Hilux, uipindishe mkono wake uingie kwenye tanki la Land Rover ambalo lina kina tofauti, ukate gasketi mpya, na uombe Mungu isivuje petroli chini ya kiti unachokalia.

Halafu spidomita. Za Kijapani nyingi zimetengenezwa zisome sawa kebo ikizunguka mara 637 kwa kila kilomita. Land Rover 109 inazungusha kebo yake mara nyingi zaidi ya hapo. Mteja wangu alikuwa akitembea 60 na mshale unasema zaidi ya 80, akawa anapitwa na bodaboda barabara nzima huku akijiona shujaa.

Dereva wa Same

Naunga mkono hoja ya Binti kwa ushahidi wa aibu yangu mwenyewe. Mimi sikuweka geji ya Toyota, niliweka geji nzuri ya Kijerumani ya VDO kwenye floti ya Kiingereza. Sikujua kwamba VDO nyingi zinahesabu kinyume: omu 10 ni tupu na omu 180 ni kujaa. Kwa hiyo kadiri petroli ilivyopungua, geji yangu ilizidi kujaa. Nilitoka Same nikaona mshale unapanda taratibu njiani, nikadhani labda ni mteremko unaosukuma mafuta upande mmoja. Gari lilizimika karibu na Hedaru saa nane mchana, geji ikiwa imejaa mpaka pomoni.

Kisiki cha Mvule

Hapo nimekubali. Ila nitetee Wajapani kidogo. Kwenye Land Cruiser yangu ya 45, ambayo ni ya miaka ya 70, kidude mnachokiita stebilaiza kimejengwa ndani ya geji ya mafuta yenyewe na kinatoa kama volti 7. Kwa hiyo mtu akibadilisha geji ya mafuta peke yake kwa kuweka ya aina nyingine, geji ya joto nayo inapoteza chakula chake. Ugonjwa ni uleule wa mleta uzi, ila mgonjwa amejificha chumba kingine.

Fundi Umeme Mstaafu

Hilo ni kweli kabisa, na umelieleza vizuri.

Niongeze kwamba stebilaiza ya asili ikifa siku moja, si lazima kutafuta ya zamani. Kuna kijisehemu cha kielektroniki kinachoitwa 7810, chenye miguu mitatu, kinachotoa volti 10 zilizotulia bila kuruka, na mafundi redio wote wanakifahamu. Mguu wa kuingiza unapokea kijani, wa katikati unakwenda ethi, wa kutoa unalisha kijani mpauko. Kifunge kwenye kipande cha bati ili kisichemke. Geji hazitajua tofauti, kwa sababu kwao joto la volti 10 tulivu na la wastani wa volti 10 zinazoruka ni lilelile.

Na ukitaka kuwa na hakika na geji ya joto, toa sensa, iunganishe kwa waya mrefu na ethi nzuri kwenye kasha lake, uitumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Lakini kumbuka ulipo. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi wala si 100, kwa hiyo alama utakayoichora kwenye karatasi iandike 95. Mtu wa Tanga anaweza kuandika 100 bila kosa.

Binti wa Gereji

Kaka Mkulima, hujatueleza geji ya presha ya oili umeifungaje. Ni ya umeme au ya bomba?

Mkulima wa Tengeru

Ni ya bomba. Ilikuja na kipira chembamba cheupe cha plastiki, nimekipitisha kwenye tundu la kebo ya spidi. Inasoma kama psi 50 nikiwa barabarani, na injini ikiwa baridi inasoma zaidi kidogo.

Binti wa Gereji

Kipimo ni kizuri sana, maana kitabu cha injini hiyo kinataka kati ya psi 35 na 65 injini ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye mwendo wa maili 30 kwa saa. Injini ya baba yako bado ina afya. Kinachonitisha ni kipira. Umeleta oili ya moto yenye presha ndani ya kebini, juu ya magoti yako, ndani ya plastiki inayopita kwenye ukingo wa bati usio na mpira. Kikikatika, utaungua miguu, na injini itajimwaga oili yote kabla hujapata mahali pa kuegesha. Badilisha kwa bomba la shaba lenye kikunjo cha mzunguko mmoja au miwili karibu na injini ili limeze mtikisiko, au uweke geji ya umeme yenye sensa yake. Na taa ya oili usiiondoe. Weka kiungo cha njia tatu pale kwenye kichwa cha filta ya oili, swichi ya taa upande mmoja na geji upande mwingine, kwa sababu taa nyekundu utaiona hata ukiwa unaangalia barabara, ilhali geji utaitazama baada ya kusikia mlio.

Ukinunua kiungo hicho, hesabu nyuzi kabla ya kukaza. Nyuzi za Kiingereza za robo ya nusu inchi ni 28 kwa inchi, za Kimarekani za saizi hiyohiyo ni 27. Zinaingiliana mizunguko miwili ya kwanza kwa upole kabisa, halafu zinang'ang'ania, na kijana mwenye spana ndefu anamalizia kwa kupasua kichwa cha filta.

Mpita Njia

Samahani kwa kurudi. Je, ubao wa mninga hauwezi kuleta shida nyingine mbali na ethi?

Fundi Umeme Mstaafu

Una shida mbili ndogo. Vishikio vya geji vimetengenezwa kwa bati jembamba, kwa hiyo kwa ubao wa milimita 12 inabidi seremala achonge nyuma kuzunguka kila tundu mpaka ubaki unene wa milimita 3 au 4. Na vanishi ya kung'aa itakurudishia jua machoni saa kumi jioni; isugue kwa msasa laini ifubae.

Mkulima wa Tengeru

Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki mbili.

Balbu ya chaji ya zamani nimeirudisha, na kweli, volti zinaruka hadi 14.1 mara tu injini inaposhika, bila kukanyaga. Geji ya volti nimeihamishia kijani, imetulia. Bomba la shaba limefungwa na kiungo cha njia tatu kipo. Kwa hesabu ya nyuzi niliyofanya kwa kalamu na rula, kiungo cha kwanza nilichouziwa kilikuwa cha Kimarekani, nikakirudisha dukani huku muuzaji akinishangaa.

Limebaki la spidomita. Hisia yangu ni kwamba inasoma chini, kwa kuwa ninayafikia malori na kuyapita wakati mimi ninaona nipo kwenye mwendo wao. Uso wake una namba ndogo chini, 955.

Fundi Umeme Mstaafu

Namba hiyo ndiyo mizunguko ya kebo kwa kilomita moja ambayo spidomita imetengenezewa, na imetoka kwenye 88, ambayo kwa kawaida ina matairi madogo kuliko yako. Kwa bahati njema, kebo ya gari hili inatoka kwenye boksi la nyuma la gia, kwa hiyo inazunguka hata gari likisukumwa gia ikiwa huru. Chomoa kebo nyuma ya spidomita, ichomeke ncha ya waya wa ndani kwenye kipande cha karatasi ngumu kiwe kama mshale, pima mita 10 kamili kwenye ardhi tambarare kwa utepe, sukuma gari polepole, na mtu mmoja ahesabu mizunguko pamoja na sehemu ya mzunguko. Zidisha kwa 100.

Mkulima wa Tengeru

Tumesukuma mara tatu, mimi na wanangu wawili, mama yao akihesabu. Tumepata mizunguko minane na robo tatu kila mara, yaani 875.

Fundi Umeme Mstaafu

Gawanya 875 kwa 955, unapata karibu 0.92. Ukitembea 80 kamili, mshale unakuonyesha 73. Na pale ambapo ni pa muhimu zaidi, kwenye vijiji vya 50, ukiona 50 tochi ya trafiki inaona karibu 55. Kilomita zinazohesabiwa nazo zinapungua kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo oili yako ya kilomita 5,000 kwenye spidomita imetembea karibu 5,460. Tafuta spidomita ya 109, au mpelekee fundi wa saa za magari arekebishe hiyo.

Mkulima wa Tengeru

Nimeahidiwa ya 109 kutoka Babati, na mwenye nayo amenisomea kwenye simu namba ya usoni, ni 875. Mpaka ifike, nimechora mstari mwekundu kwenye kioo cha hii niliyonayo, pale penye 46.